Hatua Arobaini Hadi Tramu

Jumapili, 2 Machi

Flemming amekataa sherehe. Amekataa hivi hivi, mkate mdomoni, kama mtu anayekataa sukari kwenye kahawa. Tarehe 20 Mei, wiki ya 21, tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa – jubilei ya fedha! – na yeye hataki tao la desturi mlangoni, hataki majirani waje alfajiri kutuimbia, hataki ukumbi, hataki kucheza waltz. Yeye aliyewajengea nusu ya mtaa huu matao ya matawi ya misonobari! Yeye anayeimba kuliko wote chini ya madirisha ya watu!

"Twende Vienna," akasema. "Mimi na wewe, siku nne. Tafuta hoteli, lakini iwe katikati. Katikati kabisa, Vibeke."

Hapo nikaweka kikombe chini. Huyu bwana amenilaza nje ya kila mji wa Ulaya. Roma tulilala kwenye hema, Paris kwenye kijumba nyuma ya kiwanda cha matairi, maana kutembea ni afya na miguu haina nauli. Leo anataka katikati. Nimefurahi? Sijui. Nimeshtuka zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba ilikuwa tupu, nikatafuta hoteli kazini. Nimepata nzuri. Karibu na bustani, madirisha marefu, dakika kumi na tano kwa miguu hadi kanisa kuu. Wageni wameisifu mpaka basi, isipokuwa mmoja aliyelalamikia mito. Kuna watu hata peponi watalalamikia mito.

Jioni nikamwonyesha. Akavaa miwani, akapima kwenye ramani ya simu kwa kidole.

"Mbali."

"Dakika kumi na tano, Flemming!"

"Nimesema mbali."

Akauliza kama kuna lifti. Akauliza tena: lifti inaanzia chini kabisa, au kuna ngazi kwanza? Sijawahi kumsikia akiulizia lifti. Ni fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, ngazi ndizo kazi yake.

Halafu nikakumbuka – alikwenda Vienna miaka mitatu iliyopita, mafunzo ya kazi, wiki nzima. Alirudi na chokoleti na maneno machache. Je, yuko mtu Vienna? Anakaa huko katikati? Naona aibu kuliandika. Lakini nimeliandika.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi amepiga simu. Lisbeth, dada yake Flemming – huyu hapigi simu, anavamia.

"Wifi, umemlisha nini kaka yangu?"

Nikamwambia akamuulize mwenyewe, wametoka tumbo moja. Anasema ukumbi ameshaukodi, keki ameshaagiza, na wimbo ameshautunga, beti kumi na mbili, kila beti na aibu yake. Sasa atauimba kwa nani, kwa mabata wa ziwani? Nikacheka. Kisha nikataka kulia, nikamwambia maziwa yanafurika jikoni. Hayakuwepo maziwa yoyote.

Jumatano, 12 Machi

Amechagua mwenyewe. Hoteli mkabala na kanisa kuu, chumba kama kabati, kengele kila robo saa. Nimebuku. Nimeandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu ya buluu, wiki ya 21: Vienna, na jina la hoteli. Kila jambo la nyumba hii limo kwenye kalenda hiyo, hata siku ya kusafisha mifereji ya paa.

Halafu nimefanya jambo baya. Aliacha kompyuta wazi, barua pepe zake ziko mbele yangu. Nimesoma. Nilikuwa natafuta jina la mwanamke. Nimekuta ameziandikia hoteli sita, kwa Kijerumani chake cha shule: kutoka mlangoni kwenu hadi kituo cha tramu ni hatua ngapi? Moja imejibu kwa adabu: hatua arobaini, bwana. Ndiyo hiyo tuliyobuku.

Mwanamume anayekwenda kwa hawara hahesabu hatua, anakimbia tu! Basi sina mke mwenza huko Vienna. Mbona sijapumua?

Jumapili, 23 Machi

Tulitoka kutembea mjini. Kila baada ya mita mia Flemming anasimama kwenye dirisha la duka. Alisimama kwenye saa. Alisimama kwenye vifaa vya kusikia, na masikio yake mazima. Mwisho akasimama mbele ya sidiria.

"Unamnunulia nani?" nikamtania.

"Natazama tu. Mtu haruhusiwi kutazama?"

Hakuwa akitazama. Macho yalikuwa chini, mkono umeshika ukuta, na jasho juu ya mdomo. Nje ilikuwa nyuzi nne.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Signe yuko nyumbani kwa Pasaka. Mwanangu huyu yuko mwaka wa tatu wa uuguzi, na macho yake sasa si ya mtoto. Tulikuwa tunakata mkate jikoni. Akauliza, tangu lini baba analala na soksi?

Nikasema tangu Krismasi. Anasikia baridi.

"Na ile harufu, mama?"

Harufu niliijua. Nilidhani ni buti za kazi. Hapana, niseme kweli hapa angalau: nilitaka kudhani ni buti.

Sasa nimeelewa. Kwenye jubilei, waltz ikiisha, wanaume humdaka bwana harusi, wakambeba juu, wakamvua viatu na kukata ncha za soksi zake kwa mkasi. Vidole vinachungulia, ukumbi unacheka. Walimfanyia siku ya arusi, wangemfanyia tena. Flemming hakimbii wimbo wa Lisbeth. Anakimbia mkasi.

Baba yake alikuwa na kisukari. Aliingia hospitali kwa ajili ya kidole kimoja cha mguu, akatoka bila mguu, na mwaka haukuisha. Flemming alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyembeba kwenda chooni. Hajanisimulia hata siku moja. Nimesimuliwa na wifi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

"Vua soksi," nikamwambia. Signe alikuwa ameshaondoka.

"Usinianze, Vibeke."

"Vua, nione."

Akatoka, akaenda bandani kwenye vifaa vyake, akabamiza mlango. Baada ya saa nzima akarudi, ananuka sigara – aliacha sigara miaka sita iliyopita! Akasimama mlangoni na koti lake. Akasema baada ya Vienna. Ameapa. Nimpe siku nne tu za kutembea na mke wake kama mtu mwenye miguu miwili, kisha nimpeleke ninakotaka.

Nikampigia Signe. Anasema kidonda cha mguuni cha miezi minne hakihesabiwi kwa wiki, kinahesabiwa kwa siku. Nikapiga zahanati. Wanasema hawawezi kumlazimisha mtu mzima, na aje mwenyewe kwa miguu yake. Kwa miguu yake! Nilikata simu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mke anayemshikia pazia. Wiki saba zote hizi nilidhani natafuta hoteli ya likizo, kumbe namtafutia mume wangu mahali pa kuficha mguu.

Jumatatu, 5 Mei

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kughairi hoteli. Sijala.

Signe anasema futa safari. Lakini namjua Flemming. Nikifuta, hatakwenda Vienna wala kwa daktari, atakaa bandani na sigara yake mpaka mguu umwishe. Nilijaribu tena juzi, kwa upole, nikamletea maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Akayamwagia maua.

Adhuhuri nikafungua ramani ya Vienna kwenye kompyuta ya maktaba. Safari hii kidole sikukiweka kwenye kanisa kuu. Nilitafuta hospitali. Nikapata moja kubwa, ina mapokezi ya dharura mchana na usiku, na mkabala nayo hoteli ndogo. Katikati yao ni barabara tu. Nikasoma maoni ya wageni. Mmoja analia na ving'ora vya ambulensi. Mwingine ameandika kwa hasira: msidanganyike, hapa si katikati ya mji!

Nikabuku hapo hapo. Nikawapigia: kutoka mlangoni kuna ngazi? Hakuna, bibi. Halafu nikafuta ile ya kanisa kuu.

Kalenda ya jikoni sikuigusa. Flemming huisoma kila asubuhi. Wino wa buluu na uendelee kusema uongo.

Jambo hili nimelifanya kwa hofu au kwa mapenzi? Sijui. Naogopa sana.

Jumatatu, 19 Mei

Tumefika. Kwenye teksi nilimwambia ile hoteli ilijaza watu kupita kiasi, wametuhamishia nyingine. Hakubishana. Huyu mbishi hakubishana! Kwenye lifti aliegemea kioo na kufumba macho.

"Tramu iko wapi?"

"Hapo tu."

"Hatua ngapi?"

"Sikuhesabu, bwana."

Alinitazama muda mrefu. Amelala saa moja na nusu jioni, na soksi. Pazia nimelifunga mimi.

Jumanne, 20 Mei

Ni leo. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi, na nikiiacha itamrukia huyu mtu.

Nilipoamka alikuwa ameshavaa, koti na viatu. Pazia liko wazi. Alikuwa anatazama ambulensi zikiingia na kutoka upande wa pili.

"Hili si kanisa kuu," akasema.

"Hapana."

"Na hawakutuhamisha."

"Hapana. Nilichagua."

Akaniambia nimemfunga kamba kama ng'ombe, nimemleta hadi mlango wa machinjio, tena siku ya arusi yake. Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo. Nilikuwa bado na gauni la kulalia. Ndipo akasema – mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano – baba aliingia kwa mlango kama ule, alikuwa anapiga mluzi.

Nikamwambia baba yako alikwenda amechelewa. Akasema mimi sijui kitu. Nikasema basi nijulishe, nivulie soksi nijue!

Simu ikalia. Lisbeth. Nyuma yake kelele na vicheko.

"Wifi! Tuko hapa mapokezi, watu tisa, na tarumbeta! Mbona wanasema hamjulikani?"

Nikauliza mapokezi ya wapi, na huku nafsi inajua. Hoteli ya kanisa kuu! Wiki mbili zilizopita aliingia nyumbani tukiwa kazini, kwa ufunguo wa akiba tuliompa, akasoma kalenda. Kalenda yangu! Wino wangu wa buluu! Mlidhani mtatutoroka, anasema, beti zangu kumi na mbili ziozee nyumbani?

Sauti ya wifi haihitaji simu, Flemming alisikia yote. Alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, uso umekuwa wa kijivu.

"Muulize kama wana mkasi," akasema taratibu.

Nikauliza. Wifi akacheka mpaka akakohoa. "Tuusahau mkasi? Sisi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema tumeshatoka, tuko makumbusho, tuonane chakula cha jioni. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikamtajia jina la hoteli hii, na mtaa, na ghorofa, na namba ya chumba. Makusudi. Akasema ramani inaonyesha dakika kumi na tano kwa miguu, wanakuja wanaimba.

"Umefanya nini?" Flemming akaniuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia ana dakika kumi na tano. Ama atavuliwa mbele ya watu tisa na tarumbeta, ama avuke barabara moja na mimi, avue mbele ya daktari mmoja. Ngazi hakuna, nimeuliza. Nikamwambia nampenda mpaka namchukia. Nikamwambia kama ni kumbeba kwenda chooni nitambeba, mimi si mtoto wa miaka kumi na tisa. Hapo akafunika uso kwa mikono.

Hizo zilikuwa dakika tisa zilizopita.

Nimevaa. Nimeweka pasipoti zetu na kadi za bima kwenye mkoba. Nimekaa kwenye kiti cha dirishani na daftari hili, simwangalii, maana nikimwangalia ataona nalia na atapata sababu ya kunifariji badala ya kuondoka. Nje mtu mmoja anafagia mbele ya mlango wa dharura. Mlango unafunguka wenyewe kila anapopita.

Dakika kumi na moja.

Anahema. Sikia – ameinama. Nasikia kamba za viatu.

"Nitakwenda," amesema. "Lakini uone wewe kwanza. Kabla yao wote. Uone wewe."

Kiatu cha kulia kimetoka, kimeanguka kwenye zulia. Kuna tarumbeta mahali fulani barabarani, bado mbali, na watu wanacheka. Nimegeuka. Ameshika kiatu cha kushoto kwa mikono yote miwili, anavuta, kamba zote ziko wazi, kifundo kimevimba juu ya kiatu, na uso wake umejaa jasho.

"Vibeke," amesema. "Hakitoki."