Mama Amevaa Viatu Vyote Viwili

Baba,

Hapa Makongeni mvua imekatika, na mimi nakuandikia huku nacheka. Usinishangae. Mama amepona!

Unakumbuka uji wa moto uliomwagikia mguu wake? Kile kidonda hakikufunga miaka nenda rudi. Kilikauka juu, kikapasuka, kikatoa maji, tena na tena, sawasawa na chako cha mguuni. Nawe chako ulikuwa umekizoea. Ulikiita "mgeni wangu wa kudumu", ukakifunga kitambaa ukaenda zako kukata mkonge. Tulipokuja kuambiwa kimegeuka kansa, kilikuwa kimeshafika mfupani. Baba, mguu ule... Basi.

Ila nilishika neno lako la mwisho: "Kidonda cha mama yako kisizeeke kama changu."

Baada ya mazishi yako nikamwambia Mama twende hospitali. Akakataa kabisa. "Wataukata mguu!" Nikamwambia, "Maitu, mama yangu, ni Baba ametutuma." Akaomba kitambaa chake cha kichwa, tukatoka.

Daktari alikata kipande kidogo cha nyama ya kidonda kikapimwa. Kansa haikuwamo. Akatueleza kwamba kidonda kikikaa kinawaka na kuvimba miaka mingi bila kufunga, kinaweza kuzaa kansa, kwa hiyo afadhali kifungwe mapema. Akatoa ngozi pajani kwa Mama, akaipandikiza pale. Ikashika! Mama akawaambia wauguzi, "Nimetiwa kiraka kama suruali ya mzee wangu." Wodi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu nikalia, maana ungekuwapo ungecheka kuwashinda wote.

Jumamosi mdogo wangu Wanjiru aliolewa kule Ruiru. Mama alivaa viatu vyote viwili, Baba! Alicheza mpaka mchungaji mwenyewe akapiga makofi. Kisha akawaendea wenzako wa mkonge, akainua sketi kidogo: "Tazameni! Na nyinyi wenye vidonda mnangoja nini?"

Leo asubuhi nimemkuta jirani yetu Mzee Kamau mlangoni, yule anayefunga mguu wake kwa gunia. Ameoga, amevaa koti la kanisani, anataka nimpeleke kwa yule daktari.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, katika nyumba hii hakuna kidonda kitakachoachwa kikazoeleka. Nakuaga haraka, maana Mama amekwisha kumshika Mzee Kamau mkono. Wako barabarani, anamwimbia asiogope sindano. Acha nikimbie niwafikie.

Binti yako,
Nyambura