Swali la Mkojo Niulizwe Mwenyewe

Nyumba ya Pili, Nyuma ya Hospitali,
Mlango wa Bluu.

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Salamu nyingi zikufikie huko masomoni. U mzima? Unalala? Unakula? Mama yako ananiambia unaishi kwa mkate na chai kama mtu aliyetoka chumba cha upasuaji jana. Daktari mzima! Kula kwanza, ndipo uendelee na barua hii, maana huko mbele kuna maneno ya kukukata hamu.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linalia kama mlango wa choo, la kulia bado linanitii. Mama yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mjomba wako amenyoa ndevu, na tangu hapo hata paka hamwogopi.

Usiushangae mwandiko. Unajua shule sikukanyaga hata kwa kupeleka ujumbe. Herufi hizi niliziokota mezani, wewe ukifundishwa kusoma na mimi nikichambua mboga. Naandika tangu asubuhi, na sikutaka mtu anishikie kalamu. Utaona kwa nini.

Kuna kitu nilikuficha. Tangu mwaka jana mimi ni mjumbe wa kamati ya maadili ya hospitali yetu, ile inayoamua utafiti gani ufanywe kwa wagonjwa na upi urudishwe kwa mwenyewe. Usicheke. Sheria yao inataka awepo mtu mmoja asiye daktari, atazame mambo kwa jicho la mgonjwa. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kazi yake ilikuwa kusinzia mpaka chai ije. Alipoacha, mwenyekiti, yule daktari mrefu wa mifupa, akanikumbuka mimi niliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na kumgombeza kila alipofutia mikono kwenye shuka safi. Sikukwambia, wala mama yako sikumwambia asije akakuropokea, kwa sababu nilitaka kukustua ukija likizo: unafungua mlango wa ofisi, unamkuta bibi yako kwenye kile kiti kinachozunguka.

Kazi yangu ni ndogo. Wenzangu wanasoma makaratasi mazito ya mtafiti. Mimi napewa ile fomu ya ridhaa, atakayosomewa mgonjwa kabla hajakubali. Nisipoielewa nasema sijaelewa, na inarudi. Jina la mwenye utafiti linafichwa, tusimpendelee mtu wala kumkomoa. Siku za mwanzo nilikuwa naona haya kusema sijaelewa. Halafu nikagundua wapo wengine pale wanaotingisha kichwa tu na hawajaelewa vilevile, tena wana miwani. Haya zikaniisha.

Basi mwezi uliopita ikaja fomu ya utafiti wa wanawake wazee wanaoshindwa kubana mkojo. Nikafurahi, nikasema afadhali kuna mtu amewakumbuka. Mimi mashuka yale nayajua. Wengine walikuwa wakiyakunja na kuyaficha chini ya godoro. Mmoja, mama yake hakimu, kila nikipita alikuwa amemwaga maji ya kunywa kitandani, aseme kikombe kimepinduka. Wiki nzima kikombe kinapinduka! Nilikuwa nachukua shuka, nampa lingine, namwambia vikombe vya hapa ni vibaya sana.

Nikaisoma ile fomu juu mpaka chini, sikuona mahali pa mzee kutia sahihi, hata pa kuweka dole gumba. Nikauliza, huyu mama atasemea wapi ndiyo yake? Katibu akanisomea maelezo ya mtafiti: kwa kuwa wazee wengi hawajasoma na uelewa wao ni mdogo, ridhaa itatolewa na mtoto wake au ndugu wa karibu, na maswali ataulizwa huyohuyo.

Mume wangu, nilisimama, na goti lile lile.

Nikasema, "Mwanangu wa kiume ndiye aulizwe mkojo wangu? Yeye hata soksi zake hajui ziko wapi!"

Wakacheka. Mwenzangu mmoja, simtaji, akasema, "Bibi, ni kurahisisha kazi tu. Wazee wanasahau."

"Mwanangu, mzee anaweza kusahau jina la waziri. Hasahau kwamba amelowa."

Ningekaa hapo ningekuwa nimekaa vizuri, lakini unanijua, nikishachemka sizimiki. Nikasema, "Na huyu aliyeandika haya, hana bibi? Aliokotwa? Arudi kwa aliyemlea amalizie kumfundisha adabu!"

Mwenyekiti akamwambia katibu aandike. Katibu akauliza kwa heshima zote, "Na hilo la kuokotwa niliandike?" Mwenyekiti akasema hapana, andika kwamba mjumbe asiye daktari anataka wahusika waulizwe wenyewe. Fomu ikarudishwa. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Alhamisi mama yako akaongea nawe kwenye simu, kisha akaja jikoni amenuna. "Mama, mjukuu wako analia huko. Kamati ya hospitali ya hapa imemrudishia utafiti wake, na usipopita kabla ya mwezi wa nane atarudia mwaka mzima. Eti ni mjumbe asiye daktari, mjinga gani sijui wamemwokota mtaani!"

Nikamuuliza utafiti wa nini. Akasema, "Mambo ya mkojo wa wazee, mimi sikuelewa."

Kisu kikaniponyoka. Nikamwambia, "Huyo mjinga unamtazama."

Mama yako akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji.

Sasa nisikilize. Msamaha sikuombi. Nililia kidogo, lakini hata si kwa ajili ya huo mwaka. Nililia kwa ule mstari. Hawajasoma, uelewa wao ni mdogo. Ulipouandika ulikuwa unamwona nani kichwani? Ulipokuwa mtoto wa miezi miwili mimi ndiye niliyetazama nepi zako nikasema huyu ana ugonjwa, wakati mama yako mwenye vyeti anasema unadeka. Hospitali walikuja kukubaliana nami baada ya siku tatu na mashine mbili.

Najua uliandika kwa haraka, ukafuata wanavyoandika wakubwa zako. Nakujua, huna dharau. Ndiyo maana nakusema. Mwenye dharau ningemwacha afeli kwa amani.

Jumatatu iliyofuata nilimwendea mwenyekiti kabla hajavaa koti lake jeupe, nikamwambia yule wa mkojo ni wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. Akasema utafiti wako ukiletwa tena mimi nitoke, nikae kwenye benchi la nje, nisiitwe mpaka wameamua. Nikamuuliza kama naruhusiwa kukuandikia. Akasema niliyoyasema mimi ni yangu, majina ya wenzangu niyaache mezani. Kwa hiyo usinipigie simu kuniomba nikusukumie. Siku hiyo mimi ni mtu wa benchi tu, na atakayekuvusha ni karatasi yako.

Iandike upya basi, na mapema. Mama aulizwe mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa, na mwanawe atumwe soda. Muulizaji awe mwanamke mtu mzima, asiwe kijana mwenye ndevu tatu. Asiyejua kusoma asomewe polepole, halafu aseme kwa maneno yake ameelewa nini. Na akikataa asinuniwe, dawa zake apewe kama kawaida. Hayo tu. Karatasi moja inatosha, ila moyo wako uwe ndani yake.

Kama bado unadhani watoto wanajua, nilimjaribu mama yako. Nikamuuliza, "Daktari akikuuliza, mimi mkojo naubana vizuri?"

Akasema, "Wewe mama? Wewe chuma. Kinachokuvuja ni mdomo peke yake."

Mume wangu, huu ni mwaka wa pili navuja. Nikicheka, nikikohoa, nikiinua ndoo. Siku ile niliposimama mbele ya kamati nilisimama kwa hesabu. Nafua zangu mwenyewe kabla mama yako hajaamka, mimi niliyefua za watu miaka thelathini bila kumtangaza mtu. Kwa fomu yako ile, mimi ningeandikwa mzima, na wewe ungepewa shahada kwa uongo wa mama yako asiyejua kwamba anadanganya.

Kwa hiyo utafiti huo nautaka ufanyike kuliko unavyoutaka wewe. Ukipita, nitumie huyo muulizaji wa kike. Nitajibu maswali yote, na akiruka hata moja nitamrudisha. Wewe nimekwambia kwa hiari yangu, na akili zangu zote ziko hapa. Mama yako nitamwambia mwenyewe, siku nitakayotaka mimi.

Mjomba wako anakusalimu na kidevu chake. Shangazi yako fundi cherehani anauliza kama shati lilikutosha. Mama yako anakusalimu, ameshakauka. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani, mwambie akunyang'anye vitabu saa za kula.

Mungu akutulize mikono, akufungue masikio, na akulinde na watu wanaokukubalia kila kitu.

Mimi niliyekulea, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Bibi yako.