Oveni Hii Si ya Kiporo

Jumatatu, 4 Machi

Wewe bibi, ulikuwa wapi? Wiki tatu daftari limelala chini ya mto! Najigombeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kulisoma. Shule hukuiona, ukafundishwa herufi ukubwani na mjukuu wa darasa la pili, mezani jikoni, fimbo yake mwiko — halafu unamlipa uvivu? Aibu.

Haya. Mjukuu yuleyule sasa ni mkemia, na mimi naosha vyombo vya kioo maabara hiyohiyo. Anachukua hewa ukaa — ile tunayoitoa puani, ile ya mabomba ya viwanda — anaisindilia kwenye sufuria nene ya chuma pamoja na dawa zake, anapasha moto, hewa igeuke plastiki. Januari iligeuka! Kipande kigumu, nikakigonga kwa kucha. Nililia palepale kwenye sinki.

Tangu Februari, mara tano, akifungua anakuta kitu cha kunata kama asali. Leo Mkuu wa maabara kamwambia mbele za watu: jaribio la mwisho ni wiki hii. Likiharibika, afungashe vitu vyake.

Jumanne, 5 Machi

Mkuu kasema kosa ni langu! Eti vyombo vina maji. Najua plastiki hii haitaki hata tone. Maji yakiingia inakatika vipande vifupi, haigandi. Mke mwenzangu alinieleza — ndivyo ninavyomwita mjukuu, naye huniita hivyohivyo. Ndiyo maana kile kikombe cha kioo kinachokaa ndani ya sufuria nakilaza kwenye oveni ya kukaushia, nakitoa kesho yake saa saba mchana.

Maji! Miaka thelathini na moja naosha vyombo hivi!

Nimemwambia Mkuu: "Mwanangu, hata machozi yangu siyadondoshei humo." Mtunza stoo kacheka, akajifanya anakohoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimenusa kikombe. Vitunguu!

Basi mapumziko sikutoka. Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya makoti. Saa sita na nusu, huyo, Mkuu na bakuli lake. Katazama kushoto, katazama kulia, kafungua oveni YANGU, kapasha kiporo chake ubavuni mwa kikombe! Mvuke umejaa mle ndani. Jiko la chumba cha chai lilikufa mwanzoni mwa Februari, ndipo yalipoanza haya.

Nimemwambia mjukuu. Nilidhani ataruka. Kakaa chini, kaniambia: Bibi, nakuomba usiseme. Ukimuaibisha, hata ikigeuka plastiki, nimekwisha.

Nimeahidi, ila nimemkasirikia na yeye. Mtoto ana akili kama wembe, anaogopa bakuli!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeahidi nisiseme. Sikuahidi nisifunge. Mtunza stoo kanitobolea oveni, kaweka komeo na kufuli, wala hakuuliza kwa nini.

Saa sita na nusu Mkuu kaja, anatikisa kufuli.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

"Ufunguo?"

"Uko kifuani, baba. Utautafuta?"

"Sasa chakula changu nita—" Akafunga mdomo. Kachelewa! Maabara nzima imemsikia. Mjukuu alikuwa kwenye sufuria, hakugeuka. Masikio tu yamemwiva.

Kikombe kimetoka kikavu, hakinuki kitu. Sufuria imefungwa, hewa imeingia. Inafunguliwa kesho saa tisa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi Mkuu kaniita ofisini. Barua. Eti tia saini hapo chini tu, mama, ni mambo ya kawaida. Anadhani sijui kusoma! Nimesoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi: nasimamishwa kazi, nimeharibu mali ya maabara. Nimemwambia nitatia saini sufuria ikishafunguliwa. Barua nimeikunja, nimeiweka chini ya daftari hili, naandika juu yake.

Saa tisa kasoro. Niko kigodani. Mjukuu ana spana. Bolti ya kwanza imelegea — hewa inatoka, ssss. Mkuu kasimama, kakunja mikono.

"Mke mwenzangu," mjukuu kaita, kwa sauti, mbele ya wote, "njoo unishikie kifuniko."

Mkuu kasema mtu aliyesimamishwa kazi hagusi kitu humu.

"Hajatia saini," kasema mjukuu. Aliyeogopa bakuli, kasema! "Na mimi bila yeye sifungui."

Naenda. Wewe bibi, ukirudi kwenye daftari hili, usiniletee udhuru: andika kwanza kilichokuwemo kwenye sufuria, hata kama ni asali. Na ufunguo usimpe mtu.