Baba, Tumechagua Trela Iliyotumika

Baba,

Nimeolewa. Najua ungetaka neno hilo litangulie hata salamu, kwa hiyo nimeliweka hapo. Leo ni wiki ya sita, na bado nikiitwa mke wa Swaleh nageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Kaka Otim alisimama mahali pako, amevaa koti lako la kijivu ingawa mikono ilimpungukia. Siku hiyo sikulia. Nililia kesho yake nikikunja shuka, na Swaleh akaja kukaa nami sakafuni, akashika ncha ya pili ya shuka.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ulilosema juu yake na hukupata nafasi ya kulifuta. Jioni ile nilipomleta nyumbani Bukoto, alipoondoka tu ulisema, "Kijana ana adabu, lakini anapenda vitu vinavyong'aa." Miezi mitatu baadaye ukatutoka. Maneno hayo nimeyabeba, Baba, hadi ndani ya ukumbi wa harusi.

Sasa sikia. Swaleh bado anawaendesha watalii wa kampuni ya watu, lakini tumeamua kuanza kazi yetu wenyewe. Tumetafuta trela ya kulala, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, yenye kitanda, jiko na meza ya kukunja. Yeye ataendesha, mimi nitapika, wageni watalala humo mbugani. Wasipokuwepo wageni tutalala sisi. Hebu fikiria, kuamka na mtu huyu kila mara mahali pengine, dirisha limejaa nyasi. Akiba yetu yote inaingia humo, yake na yangu. Tukikosea, hatuna ya pili.

Zilikuwa mbili. Moja mpya, iliyoundwa kwenye karakana ya Kyebando. Nyingine iko Lubaga, ya mzee mmoja Mzungu na mkewe, waliosafiri nayo mara chache na sasa wanarudi kwao.

Ile mpya ilikuwa nyeupe kama sahani, mito ya rangi ya maziwa, na taa ndogo za buluu chini ya kabati. Swaleh aliziwasha na kuzizima taa zile mara nne. Moyo ukanishuka, maana nilikusikia wewe. Na mama mkwe wangu, Bi Zubeda, mwenye duka la vitambaa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa ameshahukumu: "Mwanangu, hata sufuria nimekununulia mpya. Kitanda cha bibi harusi kiwe kimelaliwa na wazee wa watu? Nguo za mivumba, zilizovaliwa na watu, tunavaa, ndoa hatuanzi nazo." Nilicheka, kwa sababu nampenda. Lakini bibi harusi wa wiki sita anaanzia wapi kumpinga mume na mkwe kwa siku moja?

Nikaanzia uliponifundisha. Karakana ya polisi ulikokagua magari, Jumamosi, niko kidato cha pili, unanipitisha kwenye magari yaliyoletwa. "Funga macho. Rangi ni ya muuzaji, pua ni yako." Nilinusa mazulia yenye ukungu mpaka nikapiga chafya, nawe ukajigamba kwa wenzako kwamba binti yako anajua gari lililolala majini. Ulisema pia, "Gari lililotumika limeshaungama dhambi zake. Jipya bado."

Nikamwomba fundi wa Kyebando tumwage maji juu ya paa. Alimtazama Swaleh, si mimi. "Ssebo, bwana wangu, mwambie nyabo, huyu mkeo, hii ni mpya. Anataka kuiogesha kabla haijatoka nyumbani?" Akacheka, na wenzake pia. Niliona aibu, nikataka kusema basi, tuache. Ndipo Swaleh akavua viatu vyake vya harusi, akakunja suruali, akaomba ngazi na jerikani.

"Mke wangu akisema maji, ni maji," akasema, na akapanda.

Mimi niliingia ndani, nikaweka kiganja kwenye kona za dari moja baada ya nyingine. Jerikani ya kwanza, pakavu. Ya pili, pakavu. Ya tatu, tone likanigusa mkono, halafu mstari mzima ukashuka hadi kwenye mto wa rangi ya maziwa. Fundi akasema ni gundi tu haijakauka, atairudia. Labda ni kweli. Lakini alikuwa ameshacheka.

Lubaga, yule mama Mzungu alileta mpira wa maji mwenyewe kabla hatujauliza. Akatuonyesha chini ya dirisha la nyuma, mahali maji yalipoingia mwaka wa kwanza wakabadilisha ubao. Tukamwaga maji juu ya paa, ndani pakabaki pakavu; nikaugonga ubao ule kwa kifundo cha kidole, ukalia mkavu. Nikanusa kabati zote: sabuni, na kahawa kidogo. Kosa nililolipata ni matairi. Meno yake bado mazuri, lakini matairi yenyewe yamekaa mno bila kutembea hadi yamepasuka ubavuni. Wakakubali kutuwekea mapya. Swaleh alikaa chini ya trela saa nzima na shati lake jeupe, akigusa kila bolti, akiniita niiname nione. Alitoka na grisi hadi sikioni. Baba, sijawahi kumpenda mtu kiasi kile.

Njiani nilimuuliza kama inamuuma kuiacha ile mpya. "Inaniuma," akasema. "Taa zile nilizipenda. Lakini taa nitafunga mwenyewe. Pua yako ningeinunua wapi?"

Bi Zubeda alikuja kuiona ilipofika. Akaizunguka mara mbili, akakalia kitanda, akalibonyeza godoro kwa kiganja. "Haya. Lakini godoro jipya nanunua mimi, na hapo sitaki maneno."

Hukukosea, Baba. Ulimwona jioni moja tu, ukasema ulichokiona. Naomba umtazame tena. Tangu nyumba ya bibi ianguke kule Kitgum tulikokuzika, hatuna pa kulala; tunafika kaburini kwako na kugeuka siku ile ile, kama wageni. Desemba, kabla mtalii yeyote hajalala humo, tutaivuta trela mpaka nyumbani na kuiegesha karibu nawe. Swaleh atakupalilia, nami nitapika, na mtazoeana taratibu.

Lala salama, Mzee wangu. Naahidi safari hii hatutapita tu. Tutakaa.

Binti yako,
Akello