Kiazi cha Moto na Almasi ya Muhonja

Mjukuu wangu Muhonja,

Hapa Malinya tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu, na jogoo uliyemwacha amekuwa mkorofi kama mimi.

Umeandika kwamba ile lenzi yako ya dhahabu, ya kukusanya miale ya leza ya eksirei, iliyeyuka mbele ya wakubwa wako, na sasa unauliza kama ufunge virago urudi. Dhahabu tunayochimba hapa kwetu isingeyeyuka! Haya, nimenyamaza.

Ujanani, nikiwa mtu wa darasa la sita lakini bingwa wa kijiji, tulitoanga viazi kwenye majivu na kurushiana mkono kwa mkono, asiungue mtu. Siku moja nikajidai, nikashika kimoja peke yangu.

"Rusha, wee mjinga!" wenzangu wakapiga kelele.

Sikurusha. Kovu unalijua.

Unasema lenzi ya almasi utakayojaribu sasa inavumilia kwa sababu joto haliketi mahali pamoja; inalipitisha upesi. Kumbe ina akili kunishinda! Nawe aibu yako umeishika peke yako mwezi mzima. Umefanya vizuri kunirushia. Kaa huko, ujaribu hiyo almasi. Ikipasuka, nirushie tena. Kiganja changu kimeshakomaa.

Guka, babu yako, bingwa bado