Mkono Wako Nyuma ya Taa ya Kushoto

Mama Kabula wangu,

Ile taa ya kushoto iliungua tena mwezi ule ule ulipotuacha, nami nikaiacha hivyo hivyo. Mwaka mzima gari letu limetembea likiwa chongo. Nilijizoeza kuwa nyumbani Kiseke kabla jua halijazama, na majirani wakaanza kunisifu kwamba Baba Kabula ametulia siku hizi, labda ameokoka. Sikuwasahihisha. Ningewaambiaje kwamba mtu mzima na kitambi chake ameshindwa kubadili balbu kwa sababu mkewe hayupo?

Wewe unajua kwa nini. Balbu ya kushoto imejificha nyuma ya betri, na upenyo uliobaki pale mkono wangu haukuwahi kuupita. Ulikuwa unaingiza wako, ule wa kushonea, uso umeugeuzia pembeni kama mtu anayetafuta sindano mvunguni, unaupapasa ule waya unaobana balbu mpaka usikie umekaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye usukani kama bwana mkubwa.

"Washa!" unapiga kelele. "Fulu! Sasa dimu! Baba Kabula, nimesema dimu, umelala?"

"Zinawaka?"

"Zinawaka zote. Shuka basi uje kunisifu."

Nilikuwa nashuka. Kusifu niliweza.

Unaikumbuka balbu ya kwanza tuliyonunua? Gari ndiyo kwanza limefika kutoka Japani, mtumba wetu, kwenye kioo bado lina karatasi yenye maandishi tusiyoyajua. Kabla ya miaka hii ya ruksa ya biashara, ukiingia duka la vipuri uliuliza neno moja tu: "Ipo?" Wanakujibu haipo, unarudi nyumbani, mambo yameisha. Mara maduka ya mjini yakajaa mpaka darini, na muuzaji ndiye akawa anatuuliza sisi: "Mnataka ipi?" Tukatazamana. Nyeupe au ya njano? Ya Japani, au ile nyingine inayofanana nayo kila kitu isipokuwa jina? Kukosa tulikuwa tumeshakuzoea, lakini kuchagua hakuna aliyetufundisha. Mimi nikasema tuchukue yenye boksi zuri. Wewe ukanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Kaka, ijaribu kwanza tuione," ukamwambia, kama ulivyozoea kujaribishiwa balbu ya sebuleni.

Akaigusisha kwenye betri zake pale kaunta, ikawaka mpaka tukafumba macho. "Hiyo hiyo!" ukasema, na njia nzima ukawa umeipakata kama yai.

Kumbe wateja wa duka lile wengi walikuwa wenye malori. Betri za kaunta zilikuwa za lori, na balbu tuliyoipenda ilikuwa ya lori vilevile, ya volti ishirini na nne. Kwenye gari letu la volti kumi na mbili ikatoa wekundu kama kaa la mkaa linalotaka kuzimika. Tukasimama mbele ya boneti tunaitazama.

"Hii," nikakuambia, "inafaa kuchomea samaki, sato."

Hukucheka. Ulicheka kesho yake peke yako jikoni, ukidhani sisikii. Tangu hapo ukawa unasoma namba za kwenye kitako cha balbu kabla hujaitikia salamu ya muuzaji. Mimi ukanipiga marufuku kugusa kioo chake. "Vidole vyako vina mafuta ya samaki, ya sangara, vitaipasua ikipata moto!" Na kweli, mara nyingi vilikuwa nayo.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia. Juzi amekuja mkwe wetu, Masanja, kutoka Misungwi. Kaketi kwenye ncha ya kiti kama kawaida yake, kaangalia viatu vyake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kabula hajambo?"

"Hajambo. Ndiye kanituma." Akafuta vumbi la kiatu. "Siku zake zimekaribia. Anataka kuja kujifungulia nyumbani, huyu wa kwanza, kama ilivyo kawaida. Ila watu wanamwambia mama hayupo, sasa ataenda kufikia kwa nani. Kaniambia nikuulize wewe."

Mama Kabula, nikageuka nikatazama jikoni. Mwaka mzima nimekula ugali jikoni nimesimama. Hii nyumba, kama kuna mtu anaweza kufikia ndani yake, mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

"Mwambie atafikia kwa mama yake," nikasema. "Nakuja kumchukua mwenyewe."

Ndipo akasema yeye hutoka kazini kwenye kinu cha pamba jioni, naye anataka kunikabidhi mkewe kwa mkono wake, kwa hiyo giza litatukuta njiani. Nami nina jicho moja. Ikabidi nimwonyeshe aibu yangu. Tukafungua boneti, nikamweleza habari za mkono wako na ule upenyo. Akanisikiliza kwa heshima zote, halafu akakohoa.

"Baba, samahani. Mbona hamkuwa mnaitoa betri kwanza? Ni nati mbili tu."

Nati mbili! Nilicheka nikashika boneti, kijana wa watu akaogopa. Alipoondoka ndipo nikaanza kukuuliza. Wewe uliyekuwa unaifungua cherehani yote na kuirudisha, hukuziona nati mbili? Au uliziona ukanyamaza, kwa sababu na wewe ulipenda kuitwa? Nakuchokoza tu. Lakini ningejibiwa, ningefurahi.

Jana mchana nimenunua balbu, nimesoma namba zake, nimetoa betri, mkono umeingia na kitambi kikitazama. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha. "Zinawaka?" nikauliza kwa sauti. Nikasubiri, kidogo. Kisha nikashuka kuangalia mwenyewe. Zilikuwa zinawaka zote.

Leo jioni nimemchukua mwanao, mke wangu. Barabara ya Misungwi nimeiendesha polepole kama nimebeba maziwa, akanitania kwamba mtoto atazaliwa na meno. Dada yako anavuka na kivuko cha Kamanga kesho asubuhi, ndiye atakayemkanda. Tumefika hapa giza limeshaingia. Nikasimamisha gari mbele ya nyumba, taa zote mbili zimeumulika mlango, nikashika swichi.

"Baba, usizime kwanza," Kabula akasema.

Akautazama mlango. Nami nikautazama. Nadhani wote wawili tulikuwa tunakusubiri utoke, ukijifuta mikono.

Halafu akasema, "Haya." Nikazima, nikamshika mkono, tukafungua wenyewe.

Pumzika, Mama Kabula. Mwanao amelala upande wako wa kitanda. Mimi niko sebuleni, nimekaa.

Mumeo,
Baba Kabula