Barafu Iliyokunywa Jua

Mpendwa kaka Sefu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na hali yako siwezi kuiuliza. Basi nianze na yetu. Mama mzima, ila goti la kushoto bado linamsumbua akiinuka mkekani. Mie nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Temeke, si mbali na nyumbani Mtoni. Juzi nilikuwa nawafundisha kidato cha pili habari za theluji na barafu, namna weupe wake unavyolirudisha jua lilikotoka, na katikati ya somo chaki ikanitoka mkononi. Wanafunzi wakacheka kidogo, kisha wakatazamana waliponiona siiokoti. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mchana ule tuliotoka madrasa, ndala yangu imekatika na lami ya Barabara ya Kilwa inawaka? Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na minne. Baba alikuwa ameshatutoka, na wewe ndiye uliyenishika mkono kila mahali. Ulinionyesha mstari uliopakwa rangi pembeni mwa barabara ukaniambia, "Kanyaga hapo penye weupe, usitoke." Nikakanyaga, na kweli haukuunguza kama lami. Nikadhani una dawa. "Nyeusi inakunywa jua, nyeupe inalitema," ukasema, kama mtu aliyesomea, kumbe hata darasa la saba ulikuwa hujamaliza.

Ulipoondoka nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba imetandazwa mpaka juu ya mitaro, na kila kijana wa Mtoni akitaka kuona vitu hivyo vinatoka wapi. Wenzako wengine walizamia meli. Wewe ulimwambia mama hutaki kusafiri umejificha kama panya. Ulifanya kibarua bandarini mpaka ukapata kitabu cha ubaharia, ukachukuliwa kumenya viazi jikoni kwenye meli ya mizigo. Siku ya kuondoka ulivaa viatu vilivyokubana na hukutaka tukusindikize mbali.

Barua zako zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mama, kama ujuavyo, anasoma msahafu vizuri lakini herufi za kizungu hazijui, kwa hiyo msomaji nilikuwa mie. Tulingoja mpaka baada ya sala ya alasiri. Yeye alikaa kibarazani akisuka ukili wa mikeka, mie nikasoma polepole, na kila barua ilianza kwa goti lake. Goti la mama linaendeleaje? Alikuwa akikujibu palepale, kana kwamba umekaa mbele yake.

Kisha ukahamia ile meli nyingine, iliyowabeba watu wa kupima barafu kaskazini kabisa ya dunia. Ulituandikia kwamba umeungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, kwa sababu jua la kule linakupiga kutoka juu, likigonga theluji linakupiga tena kutoka chini. Mama akaacha kusuka.

"Mtoto mweusi vile aungue na barafu?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Mwambie ajipake mafuta ya nazi."

Nilikuandikia, nawe ukajibu kwamba mafuta ya nazi kule yanakuwa jiwe.

Ulitueleza kazi ya wale watu. Walikuwa na chombo chenye macho mawili, jicho moja likitazama mbingu na jingine likitazama chini, kujua mwanga kiasi gani unashuka na kiasi gani unarudi. Theluji mpya ilirudisha sehemu nane au tisa katika kumi. Bahari haikurudisha hata moja. "Unaukumbuka mstari wa Barabara ya Kilwa?" ukaniuliza. "Hapa dunia nzima ni mstari ule." Ukasema wanachokiogopa si jua, ni maji. Barafu ikiyeyuka kidogo, maji meusi yanatokea. Maji yanakunywa jua, yanapata joto, yanaila barafu iliyo jirani, nayo yanazidi kuwa mengi. Ukasema joto hilo halibaki kwao, wanahofia litaizunguka dunia hadi kwetu tusiojua hata rangi ya theluji. Tena ulituambia mabaharia wa kule husoma mawingu. Yakiwa meupe kwa chini, mbele kuna barafu. Yakiwa na giza, mbele kuna maji wazi. Mama alilipenda hilo kuliko yote. Alisema Mungu amewawekea watu wa huko kioo.

Sasa niseme nisilowahi kukwambia.

Barua yako ya mwisho ilifika nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Nilimsomea mama ukurasa wa kwanza. Wa pili niliuruka, maana juu yake uliandika kwamba ni wangu peke yangu. Ulisema ni majira yao ya joto na jua halizami. Juu ya barafu kumejaa madimbwi, pembeni samawati, katikati meusi, na kila siku yanapanuka. Mbebaji mmoja ameugua, ukatolewa jikoni uwabebee sanduku la vyombo vya kupimia. "Mdogo wangu, mie naogopa," uliandika. "Nikisimama kimya nasikia maji yanatembea chini ya miguu. Nimalize mkataba au nirudi? Niambie wewe uliyesoma. Mama asijue."

Sikukujibu. Nilikunja ule ukurasa nikauweka ndani ya daftari la hisabati, nikajiambia nitakujibu mtihani ukiisha. Mtihani ukaisha. Nikalala siku mbili, nikaenda kwenye harusi ya jirani. Siku niliyoshika kalamu, mlinzi wa shule alikuja nyumbani kuniambia kuna barua yangu.

Haikuwa ya kwako. Ilikuwa ya nahodha, karatasi moja yenye chapa juu, kwa Kiingereza. Niliisoma nyuma ya tangi la maji la shule. Nahodha alisema ulikuwa umetangulia na sanduku mgongoni. Wiki moja kabla mahali pale palikuwa barafu ngumu, wamepita mara nyingi. Safari hii palikuwa na weusi. Ulikanyaga, pakafunguka. Wamekutafuta siku mbili, wameipata kofia yako tu. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno la Kiingereza nililolielewa vibaya.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kibarazani.

"Wanasema kuna barua."

"Ipo."

"Basi soma, nini kusimama?"

Nikakaa. Nikaifungua karatasi ya nahodha mbele yake, nikaanza kusoma. Macho yalikuwa kwenye habari za kifo chako, na kinywani yakatoka maneno mengine kabisa. Nikasema u mzima. Nikasema umepewa koti jipya. Nikasema mpishi mkuu anakusalimia. Sikupanga, kaka. Wallahi sikupanga. Nilifungua mdomo nikaona nimekufufua.

Baada ya hapo sikuweza kukuua tena. Nilikuwa nimeshamaliza shule, lakini mlinzi aliniruhusu kukaa humo madarasa yakishabaki matupu, nikaiga mwandiko wako, ile "k" yako ndefu inayoegemea nyuma. Bahasha nilitumia zako za zamani. Barafu niliitafuta maktaba. Nilisoma kila ukurasa niliouona juu ya theluji, bahari na mwanga, ili upate la kusimulia. Watu husema nilipenda jiografia tangu utotoni. Si kweli. Niliisoma ili uendelee kuishi.

Niliandika barua tisa. Ilipofika ya nne au ya tano nilianza kukusikia. Nilikuwa nikitunga sentensi, nawe unaikataa. "Mie sisemi hivyo," unaniambia, naifuta. Nikigeuka, madawati matupu. Sikuogopa wakati ule, nilifurahi. Leo ndiyo naogopa, kwa sababu nikizikumbuka barua zako sijui tena ipi ni yako na ipi ni yangu. Yule dubu mweupe aliyelala juani na mguu mmoja majini, ulimwona wewe au nilimtunga mie? Nimejitahidi sana. Sijui. Nimechanganya kumbukumbu zako na uongo wangu, na wewe hupo wa kuzichambua.

Alasiri moja nilikuwa nasoma ya tisa. Mama akaweka ukili chini, akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, mpumzishe kaka yako."

Nikajifanya sikusikia. Nikaendelea na mstari uliofuata. Akaichukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akaikunja.

"Alikufaje?"

"Alikufa maji, mama."

"Maji au barafu?"

"Barafu iliyokuwa imeshakuwa maji."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekiagiza zamani. Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu ile karatasi ya peke yake yenye chapa. Sefu hajapata kuniandikia asiulize goti langu. Na wewe ulisoma bila kuvuta pumzi."

"Mbona hukusema?"

"Mwanzo nilitaka kumsikia. Hata kwa uongo, nilitaka. Kisha nikaona kila barua ikija wewe unapungua. Nimezaa wawili. Sitaki nikae hapa nisomewe na wa pili naye ameshakwenda."

Maalim wetu wa madrasa alikuja kesho yake. Akasema anayekufa maji ana daraja la shahidi, na kwamba sala haihitaji jeneza. Wanaume wakakusalia msikitini, sala ya asiyekuwepo. Majirani wakaja, wakakaa mkekani, wakashangaa kilio kipya kwa kifo cha mwaka na zaidi. Mama hakumweleza mtu. Aliwaambia tu kwamba habari za mbali huchelewa.

Tulipokwisha kuanua matanga nilimtolea ukurasa wa pili. Nilimsomea wote, pamoja na pale uliponiuliza swali, nikamwambia sikujibu. Akakaa siku tatu hasemi nami ila salamu, nikipika anakula, nikimwekea maji ya kuoga anaoga. Siku ya nne alinirushia ncha ya ukili niishike wakati yeye anaunyoosha.

"Barua huchukua muda gani kwenda huko?"

"Mwezi. Pengine zaidi."

"Na yeye alikaa siku ngapi baada ya kuandika?"

"Kumi na mbili."

"Basi isingefika."

Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya mara nyingi kabla yake. Ni kweli isingefika, hata swali lako lilinifikia ukiwa umeshakwenda. Lakini mie sikulijua hilo nilipokunja ule ukurasa. Nilichojua ni kwamba wewe ni mtu anayengoja jibu la dada yake, nikakuacha ungoje. Hilo mama hawezi kuniondolea, nami sijamwomba.

Mie nilivyo sasa ni hivi. Mvua ikinyesha Mtoni nazunguka madimbwi, hata yale yanayofika kwenye kisigino tu. Mchana mabati mapya ya jirani yakimeta, natazama mawingu kwa chini, natafuta palipo giza. Najua hakuna kitu. Natazama. Na nikiwa njiani kurudi kutoka kazini, mara nyingine nasikia mtu nyuma yangu ana hatua za kiatu kinachobana, sigeuki, kwa sababu nikigeuka zitakoma.

Juzi, chaki ilipoanguka, msichana wa dawati la mbele aliniokotea. Akauliza, "Mwalimu, barafu sie tunaiona kwenye juisi tu. Hiyo ya huko inatuhusu nini?" Wenzake wakageuka kumtazama, wakidhani nitakasirika. Nikawaambia barafu ile ni ya wote, kwamba jua lisiporudishwa kule, joto lake linabaki humu humu duniani tunamokaa. Nikachora barafu, nikachora maji, nikachora mishale ya mwanga. Kisha nikawaambia nina kaka aliyebeba vyombo vya kazi hiyo mgongoni mwake, mtoto wa Mtoni, na kwamba aliingia mahali ambapo barafu ilikuwa imelewa jua. Nilikuwa sijapata kusema hivyo mbele ya watu.

Nilimsimulia mama. Akafikiri, akasema, "Mwandikie. Barua ya kweli safari hii." Amekaa karibu yangu sasa, ananitazama nikiandika asichoweza kusoma. Nimemuuliza nikwambie nini kutoka kwake. Ananiambia nguo zako amezigawa, suruali kwa watoto wa Maalim, na kanzu amempa muadhini. Amebakiza shati moja lenye kola iliyochakaa, analitandika juu ya mto wake. Anasema usimdai.

Lala, kaka. Kama huko kuna weupe, ukuhifadhi. Sitaandika tena kwa jina lako. Swali lako nililochelewa kulijibu nalijibu leo kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu, mbele ya mama: ungerudi.

Mdogo wako wa pekee,
dada yako